Mbwa wa Kufaa Nyumba ya Pwani

Mbuzi walipoanza kupungua zizini, ilitubidi tukae kitako tuzungumze habari ya mbwa. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Malindi, upande wa Ganda, penye minazi, miembe na vichaka ambavyo mtu akijibanza humwoni hata mchana. Wezi walikuwa wakija usiku wa manane, wanakata ua, wanamfunga mbuzi mdomo na kwenda naye. Asubuhi tunakuta kamba tu. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kufuga mbwa, kwa hiyo kila mtu pale barazani alikuwa na lake.

Baba watoto alitaka jemani shepadi. Amewaona na askari wa polisi, wametulia pembeni mwa mabwana zao, na moyo wake ukawapenda. Watoto walitaka yule mdogo mweupe mwenye manyoya tele, spitzi wa Kijapani, waliyemwona kwenye simu amejilaza juu ya kochi. Mama yangu mzazi, anayekaa nasi, aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza, kisha akatoa masharti. Alisema dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, haikuruhusu mbwa wa pambo la nyumba. Kwa hivyo atakayekuja alale nje, awe na chombo chake, na asivuke kizingiti. Akitia ulimi kwenye chombo cha watu, kitaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa chuoni sisi watu wa madhehebu ya Shafii. Akamalizia kwa kusema kuwa atakayemnyima maji mbwa huyo atakuwa na kesi naye, maana yuko mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Ukiyatazama vizuri masharti hayo, yalikuwa yameshafanya nusu ya kazi ya kuchagua. Mbwa wa kulala nje mwaka mzima, kaskazi na kusi, masika na vuli, hawezi kuwa yule mweupe wa kochini. Spitzi amezoea kukaa na watu chumbani. Ukimtupa zizini peke yake atalia usiku kucha, na manyoya yake yakishika udongo na miiba ya kwetu utayachana mpaka uchoke. Watoto walinuna, kisha wakakubali. Akabaki jemani shepadi.

Huyu ni mbwa mwenye asili inayojulikana. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa mmoja wa kuchungia kondoo akampa jina la Horand, akamwandikisha kuwa wa kwanza katika daftari la ukoo huo. Alitaka mbwa mwenye akili, mtiifu, anayeweza kutembea na kundi kutwa nzima bila kuchoka, na alimpata. Akili hiyo ndiyo iliyowavutia polisi na majeshi ya dunia. Lakini mbwa huyu aliumbiwa nchi ya baridi. Manyoya yake ni ya tabaka mbili: ya juu marefu na magumu, ya chini laini na mazito. Tena anataka kazi kila siku, na mtu wa kumfunza. Manyoya na kazi, hayo mawili muuzaji hakuyataja.

Muuzaji mwenyewe alikuwa mtu wa Mtwapa, namba yake tuliipata kwa rafiki. Walikutana na baba watoto stendi. Zikalipwa pesa za kutosha kununua mbuzi kadhaa, likatolewa boksi la katoni lenye kibwa ndani. Mama yake kibwa hakuonekana, wala ndugu zake, wala cheti cha chanjo. Hicho kiliahidiwa kuja kwa simu, na hakikuja. Boksi lilipofunguliwa uani, mama alichungulia akasema, “Kizuri chajiuza, mwanangu. Kibaya chajitembeza.” Lakini kibwa kilikuwa kimeshamlamba kitinda mimba vidole, na kitinda mimba ameshapelekwa bombani na udongo mkononi, anahesabiwa mara saba.

Tukamwita Simba. Alikua upesi. Masikio yakasimama, sauti ikawa nzito, na wezi wakaacha kuja. Kisha kaskazi ikaingia.

Kando ya nyumba tuna mahali pa kutawadhia: sakafu ndogo ya saruji, bomba, kigoda cha mama na birika lake. Maji yanayomwagika hapo huishia chini ya mpera, na udongo wa pale haukauki. Ndipo penye ubaridi kuliko pote uani, na Simba alipagundua. Kila adhuhuri tulimkuta amechimba shimo, amelala kifudifudi, tumbo limezama kwenye tope na kidevu amekilaza juu ya birika. Birika likaoshwa mara saba. Kigoda kikaoshwa. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Kifungua mimba akapewa kazi ya kuleta mchanga safi kwa ndoo. Baba watoto akazungusha waya. Simba akachimba chini ya waya. Tukahamishia birika upande wa pili wa nyumba. Naye akahamia huko, maana maji yamehamia huko.

Ukawa mgogoro wa nyumba nzima. Swala ya adhuhuri inaingia, mama yuko na birika la sita la kusuuza. Baba watoto anasema mbwa afungwe mnyororo, watoto wanalia. Mama ndiye aliyeutatua. Siku moja alipomaliza kuosha, alikaa kwenye kigoda akamtazama Simba kwa kitambo, ubavu unapanda na kushuka, ulimi umening’inia mpaka chini ya taya. Akasema, “Huyu si mtovu wa adabu. Huyu anaungua.”

Na kweli alikuwa akiungua. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni dogo, la nyayoni tu. Joto lake hulitoa kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na koo lenye maji, maji yanakauka, na kule kukauka ndiko kunakoondoa joto. Ufundi huo unafaa sana penye hewa kavu. Hapa kwetu, mwezi wa Februari na Machi, upepo umepungua na hewa imeshiba unyevu kutoka baharini, nguo ya kuanikwa haikauki upesi, na maji ya ulimini pia hayakauki upesi. Mbwa anahema na kuhema, joto liko pale pale, na juu yake amevaa tabaka mbili za manyoya.

Manyoya hayo yalificha na jambo jingine. Simba aliacha chakula. Sima ya moto na mchuzi wa dagaa, aliokuwa akiulamba mpaka sufuria inang’aa, akaugeuzia kichwa. Daktari wa mifugo alipokuja alipiga magoti, akaingiza vidole viwili nyuma ya sikio na kutenganisha nywele kama msusi anayetafuta njia ya kusuka. Ngozini walikuwako kupe, wadogo wa rangi ya kahawia na wengine wamevimba wamekuwa wa kijivu, wamejipanga ukingoni mwa sikio. Akapanua vidole vya mguu wa mbele: na humo wamo, katikati yake. Kisha akainua mdomo wa juu akatuonyesha ufizi. Badala ya kuwa wa waridi ulikuwa umepauka. “Homa ya kupe,” akasema. Kupe huyu wa mbwa hupenda nchi ya joto, hujificha kwenye nyufa za ukuta na za kibanda, na humwambukiza mbwa vijidudu vya damu. Simba alipewa vidonge vya wiki nne, kibanda kikapuliziwa dawa, na jioni zote zile watoto walikaa na kibano na kikopo cha spiriti, wanamchambua nywele hadi magharibi.

Akapona, lakini kaskazi ilikuwa haijaisha. Siku moja ya Machi mbuzi walitoka zizini saa za mchana, Simba akatimka kuwarudisha, kwa kuwa damu yake ni ya kuchunga. Aliwarudisha wote. Halafu akayumba, miguu ya nyuma ikakataa, akaanguka mlangoni mwa zizi. Macho yalikuwa yamekodoka, ute mzito unamtoka, na ulimi umekuwa mwekundu wa kuiva. Tulimbeba kwa shuka mpaka chini ya mwembe. Mama akaja mbio na maji, na hakuuliza ni ndoo ya nani. Alimmwagia tumboni, mapajani na nyayoni, baba watoto anampepea kwa kifuniko cha ndoo, mimi namwita daktari kwa simu. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Daktari alipofika, baada ya maji yote yale, kipimo cha Simba bado kilikuwa juu ya 40. Akatuambia mbwa akivuka 41 ubongo, figo na ini huanza kuharibika, na kwamba maji yale ya mapema ndiyo yaliyomwokoa. Kisha akasema neno ambalo baba watoto alilipokea kimya: “Mbwa huyu ni mzuri sana. Mahali ndipo si pake.”

Mjomba wake baba watoto anakaa Wundanyi, katika milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200 na watu hulala na blanketi. Ana ng’ombe na shamba la miteremko, na mbwa wake mzee alikuwa amekufa. Tukampigia simu, akasema, “Mleteni mwanangu huyo.” Simba alisafirishwa usiku ili jua lisimkute njiani: Mombasa, Voi, Mwatate, mpaka juu kwenye ukungu. Kitinda mimba alilia mpaka Mtwapa. Siku hizi mjomba hututumia picha. Manyoya yake yanang’aa, anakwenda malishoni asubuhi na kurudi na ng’ombe jioni, siku nzima ana kazi. Amepata nchi ya kumfaa na shughuli aliyozaliwa nayo.

Zizi likabaki bila mlinzi. Ndipo mkwezi wetu wa nazi, mzee wa Kigiriama anayekuja kutuangulia kila zikikomaa, aliposhuka mnazini, akajifuta miguu na kusema, “Mama, mbona mnamtafuta mbali? Kwangu kumezaliwa.”

Mbwa wa kwake tulikuwa tumewaona miaka yote bila kuwatazama. Wembamba, wenye nywele fupi zilizolala mwilini, kifua kirefu, tumbo limeingia, mkia umepinda, masikio nusu yamesimama. Watu huwaita mbwa wa kienyeji, na wengi humwita mbwa koko hata yule mwenye bwana wake na boma lake. Lakini umbo hilo lina sababu. Mwili mwembamba hutoa joto upesi kuliko mnene, nywele fupi hazizuii upepo, na kupe huonekana mtu akipitisha mkono tu. Ni kizazi kilichochujwa na hewa hii hii, na kupe hawa hawa, kwa miaka isiyohesabika: asiyestahimili hakuacha watoto.

Jambo hili limewahi kuonekana kwa upande wa pili. Mwaka 1895 Waingereza walichukua mbwa wa Kongo, hawa wanaojulikana leo kama basenji, wakawapeleka kwao kwa maonyesho. Walikufa kwa distempa, maradhi ya mbwa yaliyokuwa yameenea huko. Ilichukua miaka arobaini na zaidi, pamoja na chanjo, kabla basenji hawajakita mizizi Uingereza katika miaka ya 1930. Mbwa wa msituni alishindwa na maradhi ya London, na mbwa wa Ujerumani hulemewa na kupe wa Malindi. Wote wawili ni mbwa wazima.

Tulikwenda kwa mzee mkwezi jioni, jua limelala. Safari hii tulimwona mama yake kibwa. Alisimama, akabweka mara chache, mzee alipomwambia “Tulia” akatulia, akaja kutunusa. Hilo ndilo la kwanza kulitazama, kwa sababu mtoto huiga woga na ukali kwa mama yake. Watoto wake walikuwa wametimiza miezi miwili, umri wa kuachana na ziwa. Mzee akatufundisha kuwachunguza. Yule aliyejificha nyuma ya mtungi na asitoke, tumwache. Yule anayewang’ata wenzake mpaka walie, tumwache naye, maana nyumbani kuna watoto. Tuchukue anayekuja, anayeshtuka chungu kikianguka kisha akarudi kukinusa. Tukatazama na mengine: ufizi uwe wa waridi, macho yasiwe na tongo, tumbo lisiwe limevimba kwa minyoo. Akabaki jike mmoja wa rangi ya tende iliyoiva. Tukamwita Tende. Mzee hakutaka pesa. Alitaka tumletee habari zake.

Tende alilala zizini tangu usiku wa kwanza, pamoja na wana-mbuzi, kwa sababu mbwa huzoea wenzi wake wa maisha katika miezi yake mitatu minne ya mwanzo, na anachokizoea wakati huo ndicho anachokilinda baadaye. Daktari alimpa dawa ya minyoo na chanjo za distempa na parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu ambao huua watoto wa mbwa kwa siku chache. Zikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka alipofika miezi minne. Alipotimiza miezi mitatu akapigwa sindano ya kichaa cha mbwa, nayo hurudiwa kila mwaka. Baadaye akafungwa kizazi, tusije tukajaza mji mbwa wasio na wenyewe. Chakula chake ni kile kile cha nyumba: sima, dagaa, mabaki ya samaki yaliyotolewa miba. Unga ulioota ukungu mama haugusishi sufuria yake, kwa kuwa sumu ya ukungu wa mahindi, ile iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 katika kaunti za leo za Makueni, Kitui na jirani zake, humwua mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Mahali pa kutawadhia hajapachimba. Mchana wa kaskazi hulala chini ya uchaga wa mbuzi, panapopita upepo, na birika la mama limepumzika.

Kazi yake tuliiona asubuhi moja ya kusi. Mbwa mgeni aliingia kupitia mwanya wa ua, anayumba, mate yanamdondoka, akamwendea kitinda mimba aliyekuwa akiwapa kuku pumba. Tende aliruka zizi. Walishikana, na katika ule mshikano jino la mgeni likampitia mtoto kwenye kifundo cha mguu, mkwaruzo mdogo tu. Mama alikuwa wa kwanza kufika. Alimvuta mjukuu wake hadi bombani, akafungua maji, akachukua sabuni ya mche, akaosha kidonda kwa dakika 15 nzima, hakukubali kuharakishwa. Kutoka hapo tukaenda hospitali moja kwa moja, mtoto akaanza sindano siku ile ile na kuzimaliza zote katika tarehe zake. Tende, kwa kuwa alikuwa na chanjo, aliongezewa nyingine na kuwekwa chini ya uangalizi wa daktari. Mgeni alikufa kabla ya siku mbili, na maofisa wa mifugo wakaarifiwa. Wetu wote wawili, mtoto na Tende, ni wazima.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu wagonjwa wote duniani, 99 kwa kila 100, hukipata kwa mbwa. Wanaoumwa zaidi ni watoto. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Lakini kaunti haiwezi kumchanja mbwa ambaye mwenyewe hamtoi nje.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mambrui, wa Watamu, wa Takaungu au wa Kilifi mjini, unayetaka mbwa wa kwanza katika nyumba yako, usianze na picha. Anza na hewa ya unapokaa, kisha kazi unayomtakia, kisha watu utakaokaa nao, dini yao na umri wa watoto wao. Ukishayapanga hayo matatu, aina ya mbwa itajitokeza yenyewe, na mara nyingi hapa Pwani itakuwa ni huyu mwenye nywele fupi aliyezaliwa boma la jirani. Ukikaa karibu na ufuo, mfunge usiku, kwa maana mbwa hufukua mayai ya kasa mchangani. Mwone mama yake kabla hujatoa pesa. Mpe maji na kivuli kabla hujamwomba ulinzi. Na akifika miezi mitatu, mpeleke akachanjwe kichaa, umrudishe mwaka ujao na kila mwaka baada ya huo.